Bidhaa Zinazodaiwa Kuua Bakteria: Zinavyopimwa kwa Mwanga na Namna ya Kusoma Lebo Zake

Katika maduka ya Chake Chake, Wete na Mkoani mtumiaji anaweza kukutana na bidhaa zenye lebo inayotoa ahadi moja: kwamba uso wa bidhaa hiyo unaua bakteria. Ahadi hiyo huandikwa kwenye ubao wa plastiki wa kukatia samaki, ndoo ya maji, jokofu, vigae vya sakafu, hata kava la simu. Mara nyingi huambatana na tarakimu ya asilimia 99.9, na bei nayo huwa imepanda kuliko ya bidhaa ya kawaida iliyowekwa kando yake.

Katika somo hili tunaeleza tarakimu hiyo hupatikana vipi, mwanga hutumikaje kuwatambua bakteria waliokufa, na ni mambo gani ambayo kipimo hicho hakiyasemi. Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa anayenunua ahadi hiyo hahatarishi fedha zake tu. Akiiamini kupita kiasi huenda akaacha kuosha ubao kwa sabuni, au akaacha kuchemsha maji ya kunywa kwa kuitegemea ndoo. Zanzibar imekuwa ikipata milipuko ya kipindupindu tangu mwaka 1978, na mwaka 2009 wakaazi wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa dhidi ya maradhi hayo. Mahali penye historia hiyo, lebo isiyoeleweka si jambo dogo.

Uso unavyoua

Wazo la uso unaoua vimelea si geni kwetu. Wazee wetu walipaka chokaa kuta za nyumba, misikiti na visima, chokaa iliyochomwa kwenye tanuu kutokana na mawe ya matumbawe. Chokaa mbichi iliyotoka kupakwa ni kali sana, na bakteria wengi hawastahimili ukali huo. Lakini kadiri siku zinavyopita, chokaa hufyonza hewa ya kaboni na kugeuka tena kuwa kitu kilicho karibu na jiwe ilikotoka, na nguvu yake ya kuua hupungua. Ukuta hubaki mweupe, lakini mtu akiutazama kwa macho hawezi kujua kama bado unafanya kazi. Msomaji aliweke akilini jambo hilo, maana tutalirejea.

Shaba nayo ina sifa hiyo. Chembe ndogo zenye umeme, ziitwazo ioni, hutoka kwenye shaba na kuharibu utando unaoizunguka bakteria, kisha huingia ndani na kuharibu vinasaba vyake. Watafiti wa Bengaluru, India, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio ambalo maji yaliyotiwa bakteria wa kuharisha, akiwemo wa kipindupindu, yaliwekwa katika vyungu vya shaba kwa saa 16. Baada ya muda huo hawakuweza tena kuwapata bakteria hao wakiwa hai, na kiwango cha shaba kilichoingia katika maji kilikuwa chini ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 2 kwa lita.

Tunaomba msomaji asikimbilie kutoa birika la bibi kabatini. Vyombo vingi vya zamani vya shaba vilitiwa kalai, yaani vilipakwa bati kwa ndani, hasa ili shaba isiguse chakula. Maji yaliyomo humo hayagusi shaba hata kidogo. Na chombo ambacho hakikutiwa kalai hakifai kuwekewa maji ya ndimu, ukwaju au siki, kwa sababu vitu vikali huyeyusha shaba nyingi kuliko mwili unavyoweza kustahimili.

Bidhaa za plastiki za siku hizi kwa kawaida hutumia ioni za fedha au zinki zilizochanganywa ndani ya plastiki kiwandani. Ioni hizo hutoka polepole, na ili zitoke na kumfikia bakteria zinahitaji unyevu. Uso mkavu wenye fedha ndani yake unaweza kukaa bila kufanya lolote. Shaba tupu inatofautiana nayo kwa hilo, kwani huua hata pakiwa pakavu.

Kipimo cha kuotesha

Kipimo kinachotajwa zaidi kwenye lebo za bidhaa hizi ni ISO 22196, kiwango cha Shirika la Kimataifa la Viwango kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2007 na kurekebishwa mwaka 2011. Chimbuko lake ni kiwango cha Japani kiitwacho JIS Z 2801. Namna kinavyofanyika ni hivi. Hukatwa vipande vya mraba vyenye upande wa sentimita 5, vingine vya plastiki iliyotiwa dawa na vingine vya plastiki ile ile isiyo na dawa. Juu ya kila kipande hudondoshwa mililita 0.4 za maji yenye bakteria, jumla yao ikiwa kati ya laki moja na laki nne. Kisha hufunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki ili maji yatandae na yasikauke, na kuwekwa katika joto la nyuzi 35 za Selsiasi na unyevu wa hewa usiopungua asilimia 90, kwa muda wa saa 24.

Baada ya hapo bakteria huoshwa kutoka kwenye kipande kwa kimiminika maalumu kinachozima nguvu ya dawa, maana bila kuizima dawa ingeendelea kuua ndani ya chupa ya maabara na sifa hiyo ingehesabiwa kuwa ya ubao. Maji yaliyooshewa humiminwa katika sahani zenye chakula cha bakteria. Kila bakteria aliye hai huzaana mpaka akafanya doa linaloonekana kwa macho, na mpimaji huhesabu madoa. Tofauti kati ya kipande chenye dawa na kile kisicho na dawa ndiyo huleta asilimia iliyoandikwa kwenye lebo.

Hapo pana mambo mawili ambayo lebo haiyataji. La kwanza ni kuwa ulinganisho haufanywi na idadi ya bakteria waliowekwa mwanzo, bali na idadi iliyobaki kwenye kipande kisicho na dawa baada ya saa 24. La pili ni hizo saa 24 zenyewe, zikiambatana na unyevu usiokatika. Ubao wa jikoni hauko hivyo. Mpishi hukata changu, akaufuta, na baada ya robo saa hukatia vitunguu na tungule za kachumbari juu ya ubao huo huo. Bidhaa inaweza kuwa imefaulu kipimo kwa haki kabisa, na bado isiwe imefanya chochote ndani ya robo saa hiyo.

Na tuitazame asilimia 99.9 kwa hesabu. Wakiwekwa bakteria milioni moja na wakafa asilimia 99.9, hubaki elfu moja. Bakteria aina ya Escherichia coli, akiwa na chakula, unyevu na joto zuri, anaweza kugawanyika mara moja kila dakika 20. Elfu moja hao, wakigawanyika mara kumi, huzidi tena milioni. Mara kumi kwa dakika 20 ni saa 3 na dakika 20, yaani tangu adhana ya adhuhuri mpaka alasiri hivi. Jikoni si maabara, na mara nyingi kasi yao huwa ndogo kuliko hiyo, lakini hesabu hii inatosha kuonesha kwa nini tarakimu kubwa haimaanishi uso safi.

Kipimo cha mwanga

Kuotesha bakteria huchukua siku nzima au zaidi baada ya jaribio lenyewe kumalizika, na huonesha mwisho tu: nani amebaki. Watafiti wanaotaka kujua uso unaua kwa kasi gani, dakika kwa dakika, hutumia njia nyingine iitwayo floresensi.

Floresensi ni tabia ya baadhi ya vitu kupokea mwanga wa rangi moja na kuutoa mara hiyo hiyo ukiwa wa rangi nyingine. Msomaji ameiona pengine bila kuijua jina. Mtunza fedha benki huweka noti chini ya taa ya zambarau, na alama ambazo hazikuonekana zikang'aa. Kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa samawati chini ya taa hiyo, kwa kuwa watengenezaji huitia sabuni rangi maalumu ili nguo ionekane nyeupe zaidi. Nge naye hung'aa kijani, na wanaotafuta nge usiku hutumia taa hizo. Tofautisha jambo hili na ule mwanga ambao wavuvi huuona baharini usiku kasia linapopiga maji, au mwanga wa kimulimuli: viumbe hao huutengeneza mwanga wao wenyewe bila kuangaziwa. Kitu cha floresensi kisipoangaziwa hubaki gizani.

Katika maabara, bakteria waliotolewa kwenye uso unaopimwa hutiwa rangi mbili kwa pamoja. Rangi ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ile iitwayo SYTO 9, hupita katika utando wa bakteria yeyote, mzima au mbovu, ikashika vinasaba vyake na kung'aa kijani. Ya pili, propidiamu iodidi, haiwezi kupita katika utando ulio mzima. Huingia pale tu utando ulipopasuka, na ikiingia huifukuza au kuifunika ile ya kijani, kisha hung'aa nyekundu. Sampuli hukaa gizani kama dakika 15, kisha huingizwa katika mashine inayoangaza mwanga wa samawati na kupima kijani kiasi gani kimetoka na nyekundu kiasi gani.

Mashine hiyo yenyewe haijui lililo hai na lililokufa; inajua mwanga tu. Kwa hiyo mpimaji hutayarisha kwanza michanganyiko anayoijua. Huchukua bakteria hai, na wengine waliouawa kwa kulowekwa saa nzima katika spiriti ya asilimia 70, akawachanganya kwa viwango: hai wote, asilimia 90, asilimia 50, asilimia 10, na wasiokuwapo hai kabisa. Uwiano wa kijani kwa nyekundu katika michanganyiko hiyo huchorwa mstari, na sampuli ya kutoka kwenye uso husomwa kwa kulinganishwa na mstari huo. Maabara isiyochora mstari huo inakisia tu, hata kama mashine yake ni ya bei gani.

Uzuri wa njia hii ni kasi. Ndani ya saa moja au mbili mtafiti anaweza kujua kwamba uso fulani uliua nusu ya bakteria ndani ya dakika tano, na mwingine ulihitaji saa sita kufikia hapo. Kwa mpishi wa kachumbari tuliyemtaja, habari hiyo ya muda ina manufaa kuliko asilimia ya saa 24, na tungependa watengenezaji waitangaze zaidi.

Mwanga unapodanganya

Hata hivyo kila rangi hujibu swali moja tu, na swali la rangi hizi ni hili: je, utando umepasuka? Mtumiaji anauliza swali jingine: je, bakteria huyu anaweza kuniumiza? Maswali hayo mara nyingi huwa na jibu moja, ila si kila mara.

Bakteria aliyepigwa na mionzi ya urujuanimno, kwa mfano ile ya jua kali, anaweza kuwa ameharibika vinasaba kiasi cha kutozaa tena, ilhali utando wake ungali mzima. Mwanga utasema yu hai. Kinyume chake, shaba huweza kuvisagasaga vinasaba hata rangi zote mbili zikakosa pa kushika. Hapo sampuli hufifia, na mpimaji asiye mwangalifu akadhani hapakuwa na bakteria tangu mwanzo. Wapo pia bakteria wanaong'ang'ania uso na kukataa kuoshwa. Hawakufa, bali hawakufika kwenye chupa. Na baadhi ya plastiki na vumbi vina mng'ao wao wenyewe unaochanganyika na ule wa rangi.

Kasoro kubwa kwa mtumiaji ni ya hesabu. Katika mashine ya kusoma mwanga, kijani cha bakteria mmoja aliye hai kati ya mia waliokufa humezwa na mwanga wa wale wengine na wa chombo chenyewe. Kwa hiyo ni vigumu sana kwa kipimo hiki peke yake kutofautisha asilimia 99 na asilimia 99.9, na ndani ya pengo hilo mna bakteria mara kumi zaidi. Pale bidhaa inapodai asilimia 99.9 na ushahidi wake ukawa ni mng'ao wa rangi mbili tu, sisi huuliza hesabu ya sahani iko wapi.

Ni haki pia kusema kwamba sahani nayo ina upofu wake, na aliyeufichua alitumia floresensi. Mwaka 1982 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Rita Colwell wa Chuo Kikuu cha Maryland, lilionesha kuwa bakteria wa kipindupindu wanaweza kukaa katika maji ya bahari na ya milango ya mito wakiwa hai, lakini wakagoma kuota katika sahani. Maabara inayotegemea kuotesha tu ingesema maji ni salama. Watafiti hao waliwaona bakteria hao kwa hadubini ya floresensi. Kwa watu wa kisiwa chenye vijito vya mikoko vinavyopokea maji ya mvua za masika kutoka vijijini, matokeo hayo si ya mbali. Ndiyo maana maabara makini hutumia njia zote mbili, na zinapotofautiana hutafuta sababu badala ya kuchagua jibu linalopendeza.

Ipo namna nyingine ya floresensi inayowakaribia zaidi walio hai. Katika upimaji wa maji hutumiwa chakula maalumu ambacho Escherichia coli hukivunja kwa kimeng'enya chake, na kitokanacho hung'aa samawati chini ya taa ya urujuanimno baada ya sampuli kukaa kwenye joto kwa takriban saa 24. Hapo bakteria lazima awe hai na ale ndipo mwanga utoke. Hospitalini nako mwanga huu unafanya kazi kubwa: makohozi ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hupakwa rangi inayong'aa, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za floresensi zenye taa za LED zichukue nafasi ya zile za kizamani. Tunayataja haya ili isidhaniwe kwamba tunaudharau mwanga. Tunachokataa ni kuutumia kudai kisichopimwa.

Tochi ya zambarau ya dukani

Sehemu hii tunaiandika kwa herufi za msisitizo moyoni. Tochi za zambarau sasa ni rahisi kupatikana, na ni rahisi vilevile kuzitumia kumhadaa mnunuzi. Muuzaji huangaza ubao wa kawaida, madoa yakang'aa, akasema, "Hao ndio bakteria." Kisha huangaza ubao wake mpya, usioonesha kitu, akasema umewaua.

Kilichong'aa si bakteria. Ni mabaki ya sabuni ya unga, nyuzi za karatasi au za nguo, au manjano. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe kwa kuangaza bizari ya manjano jikoni gizani, ataona inavyowaka. Bakteria wengi hawang'ai chini ya tochi hiyo wasipotiwa rangi, na hata wakitiwa, huhitajika hadubini au mashine kuwaona. Ubao mpya haukuonesha kitu kwa sababu haujaguswa na sabuni wala manjano. Ubao uliopakwa maji machafu ya samaki unaweza kuonekana mweusi na msafi kabisa chini ya tochi hiyo. Maonesho ya namna hii hatuyahesabu kuwa ni kipimo cha aina yoyote, na anayeyatumia kuuza bidhaa anampotosha mlaji.

Kuisoma lebo

Tofauti ya kwanza ya kutafuta ni kati ya dawa inayoilinda bidhaa na dawa inayomlinda mtumiaji. Fedha iliyotiwa katika plastiki mara nyingi imewekwa ili plastiki yenyewe isitoe harufu wala isifanye madoa ya ukungu. Hilo ni jambo la kweli na lina faida yake, ila halina uhusiano na kumkinga mtoto na kuharisha. Nchini Marekani sheria huzitenganisha ahadi hizo mbili: bidhaa iliyotiwa dawa kwa ajili ya kujilinda haina ruhusa ya kudai kuwa inalinda afya ya watu mpaka isajiliwe kwa ushahidi. Shaba ilipata usajili huo mwaka 2008, kwa dai la kuua asilimia 99.9 ya bakteria fulani waliotajwa ndani ya saa 2, na hata hapo watengenezaji walitakiwa kueleza kwamba uso wa shaba ni nyongeza ya usafi wa kawaida na haushiki nafasi yake. Ikiwa shaba, yenye ushahidi wote huo, imewekewa sharti hilo, ubao wa plastiki hauna sababu ya kusamehewa.

Lebo ya kuaminika hutaja bakteria gani walipimwa kwa majina, kwa muda gani, na kwa kiwango kipi. "Inaua vijidudu vyote" si dai la kisayansi. Staphylococcus aureus na Escherichia coli ndio wanaopimwa katika ISO 22196, na matokeo yao hayawahusu virusi wala mayai ya minyoo. Pakiandikwa ISO 22196 bila kutajwa tarakimu, msomaji ajue kuwa kiwango hicho hueleza namna ya kupima tu na hakisemi nani amefaulu. Kile cha Japani ndicho kilichoweka mpaka: bakteria wapungue angalau mara mia, yaani asilimia 99.

Kisha kuna umri. Vipimo hufanywa juu ya kipande kipya. Ubao uliokatiwa kwa kisu mwaka mzima umejaa mifereji, na ndani yake mna mafuta na mabaki ya samaki yanayoizuia ioni isimfikie bakteria. Hapa ndipo chokaa inaporudi: weupe wa ukuta hausemi kama nguu ya chokaa imebaki, na rangi ya ubao haisemi kama fedha iliyomo ingali inatoka. Tunamshauri mnunuzi amuulize muuzaji kama kipimo kilirudiwa baada ya bidhaa kuoshwa mara nyingi, na kwa sabuni gani. Mara nyingi jibu litakuwa kimya, na kimya hicho kina habari ndani yake.

Kwa matumizi ya nyumbani, ubao wa kawaida unaooshwa kwa maji ya moto na sabuni, ukasuguliwa, ukasuuzwa na kuanikwa juani hadi ukauke, unamshinda ubao wa gharama usiooshwa. Kuwa na mbao mbili, mmoja wa samaki na nyama, mwingine wa vitu vinavyoliwa vibichi, kunagharimu kidogo kuliko mmoja wenye fedha ndani yake. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza, kisha ndoo ifunikwe na maji yachotwe kwa bomba au kata yenye mpini. Ndoo yenye dawa katika plastiki yake inaweza kuzuia utelezi usiote ukutani mwa ndoo. Maji yaliyo katikati ya ndoo hayaguswi na ukuta huo.

Ukipata shaka

Mtumiaji aliyenunua bidhaa yenye dai asiloweza kuthibitishiwa asiitupe wala asibandue lebo yake. Aweke risiti, apige picha za pande zote za kifungashio, na anakili namba ya toleo, jina la mtengenezaji na la mwagizaji. Kama aliuziwa kwa maonesho ya tochi, aandike tarehe na maneno aliyoambiwa akiwa bado anayakumbuka. Madai ya uongo kuhusu bidhaa hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar; masuala ya ubora na viwango hupelekwa Taasisi ya Viwango Zanzibar; na kinachohusu chakula chenyewe au dawa hupelekwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Asiyejua suala lake ni la wapi aanzie ofisi yoyote kati ya hizo iliyo karibu naye, au kwa sheha wake, na aombe aelekezwe.

Muuzaji mwaminifu naye ana nafasi yake. Anaweza kumtaka mwagizaji ripoti ya maabara kabla ya kupokea mzigo: jina la maabara, tarehe, picha au maelezo ya kipande kilichopimwa, hesabu ya sahani pamoja na ile ya mwanga kama ipo, na matokeo ya kipande kisicho na dawa. Ripoti inayoonesha asilimia peke yake, bila idadi zilizoizaa, airudishe na kuomba iliyo kamili.